Mwezi Uliokwama Kifundoni

Asubuhi ya Kufungua, mara ya nne mfululizo bila Kufunga kupita katikati, Kazija aliamka akaukuta mguu wake wa kulia umeamka kabla yake. Ulikuwa umejitoa ndani ya shuka na kuelekea mlangoni, kisigino chini, vidole juu, umetulia tuli. Akautazama kwa chuki kidogo. Wameishi pamoja tangu tumboni, yeye na mguu huo, na mpaka leo hakuwa na hakika ni nani kati yao aliyeitwa Kazija.

Watu wa mji hawakumsaidia kulijua hilo. Walimwita Mguu. Mguu kapita, Mguu kasemaje, Mguu leo kanuna. Hata mumewe, Mungu amrehemu, akitaka chai aliita "Mguu wee!" na Kazija akaitika, kwa sababu ukiitwa jina moja kutwa kucha mwisho utaliitikia tu, hata likiwa la kiungo. Mji wenyewe jina lake lililiwa na chumvi zamani, kwa hiyo usihangaike kulitafuta. Mbele yake kulikuwa na mwamba mrefu wenye matundu, na ndani ya matundu waliishi pweza. Kila tundu lilikuwa na mwenyewe na jina lake, mama akimwachia binti. Kulikuwa na tundu likiitwa Kwa Mkwe, ambalo mwenyewe hakupenda kulikawilia. Kulikuwa na Njoo Kesho. La Kazija liliitwa Kaa Kitako, na kabla ya kuingiza mkono ndani yake mtu alipiga hodi kwanza, maana kule hawakuingia hata kwa pweza bila adabu.

Kalenda hawakuwa nayo. Maji yakipoa, mwamba ulifungwa: pweza majike waliingia ndani kukalia mayai yao, na hakuna mwanamke aliyethubutu kuchokoa. Maji yakipata joto, mayai yalikuwa yameshaanguliwa, mama amekwisha kufa kwa njaa kama ilivyo desturi yake, vijana wamejaa mwambani, na mwamba ukafunguliwa. Aliyejua ni lini alikuwa Mguu. Alisimama baharini, maji yakimfika kifundoni, akafumba macho, akasema moja kati ya maneno mawili: "Bado," au "Tayari." Kwa neno hilo mji mzima ulihesabu. Eda ilikatika kwa neno hilo. Watoto waliachishwa ziwa kwa neno hilo, na mimba zilihama kutoka mwezi hadi mwezi. Huenda utasema ni ujinga kuutundika wakati kwenye mguu wa mtu mmoja. Sawa. Lakini huo wa kwako umeutundika wapi?

Na mguu huo haukuokotwa tu. Mtoto akizaliwa katika mji ule, siku hiyohiyo kisigino chake kilichovywa baharini. Baridi ilimchoma, naye akalia, na kwa kilio hicho akahesabiwa kuwa amezaliwa. Kabla ya hapo alikuwa mgeni asiye na jina, na hata akifa alizikwa bila jina. Aliyelia kuliko wote wa kizazi chake ndiye aliyekuja kuwa Mguu, maana alionekana ana usikivu. Kazija alilia siku mbili. Mama yake alizoea kusimulia kwamba majirani walihama kwa muda.

Kisha likaja Jiko. Hakuna aliyeliona likija. Siku moja lilikuwepo tu, jeupe, mraba, limeelea nje ya mwamba bila moshi wala sauti, na wenyewe wakasema kuwa ni mtambo wa nyuklia, una moyo ndani yake unaowaka bila moto, nao utatoa umeme mpaka wajukuu wa wajukuu. Moyo huo ulihitaji kupoozwa. Kwa hiyo Jiko lilivuta maji ya baridi upande mmoja, pamoja na kila kidogo kilichoelea ndani yake, mayai, vifaranga vya samaki, kamba wachanga wasiozidi ukucha, na upande wa pili likatema maji ya uvuguvugu, safi kabisa, hayana rangi, hayana harufu. Ndiyo maana wanawake waliliita Jiko: lilichemsha bahari, ingawa hakuna aliyealikwa kula.

Tangu hapo maji hayakupoa. Kila bamvua, yaani kila maji yalipokupwa sana na mwamba kuachwa wazi, Kazija alisimama baharini akasikia joto, akasema "Tayari." Siku ya Kufungua kwa kwanza wanawake walitoa pweza wengi hata vikapu vikakosa nafasi. Walikuwa wepesi wa kushangaza, hawakupigana. Walitoka mikononi mwao wamekonda, wamekumbatia nyuzi za mayai meupe mfano wa punje za mchele, na wanawake wakacheka, wakasema leo pweza wametuletea na wali. Kazija naye alicheka. Kufungua kwa pili vikapu vilijaa nusu. Kufungua kwa tatu mji mzima ulipata pweza sita. Na tumbo la bintiye, Mize, lililokuwa mwezi wa nane Kufungua kwa kwanza, lilikuwa mwezi wa nane Kufungua kwa tatu, maana mwezi wa tisa ulikuwa unasubiri Kufunga, na Kufunga hakukuja.

"Mama," Mize alisema asubuhi hiyo ya Kufungua kwa nne. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu kaitandaza, tumbo limemfika magotini. "Leo sema Bado."

"Nisemeje Bado na maji yana joto?"

"Sema tu. Nani atakukatalia? Wewe si Mguu?"

"Mguu husema unachosikia, mwanangu. Hausemi unachotaka."

"Basi mimi nimechoka." Mize alilia bila kuficha uso. "Nimechoka kuwa na mtu ndani. Ameshakuwa mkubwa humu, Mama. Ananisikiliza. Nikisema jambo ananyamaza, nikinyamaza anageuka. Mtu gani anakaa mahali hivi mpaka anazoea?"

Kazija alitaka kumshika, mkono ukamfia njiani. Alikuwa na jambo alilolificha tangu Kufungua kwa kwanza, jambo dogo, na kila alipomkaribia bintiye lilimrudisha nyuma. Akachukua fimbo yake ya kuchokolea, akatoka.

Maji yalikuwa yanakupwa. Alipita njia ya nyuma ili asikutane na watu, akashuka mwambani peke yake, jua likiwa upande wa bega. Matundu aliyapita moja moja. Njoo Kesho, tupu. Kwa Mkwe, tupu, mlangoni pametanda utelezi wa kijani ambao zamani haukuwepo. Kwenye kidimbwi palikuwa na samaki wawili wasiojulikana, wa rangi za harusi, wageni wa maji ya moto, waliomtazama kana kwamba yeye ndiye aliyehamia juzi. Alipofika kwenye tundu lake alipiga magoti.

"Hodi, Kaa Kitako."

Akaingiza kidole. Mkono mmoja wa pweza ukaja taratibu, ukamzunguka kidole, ukamshika. Haukumshika kwa nguvu. Ndivyo mgonjwa anavyomshika aliyekuja kumjulia hali.

Yupo, Kazija alijisemea. Bado yupo. Ngozi tupu, lakini yupo. Mara tatu nimewafungulia wenzio milango na wewe nikakupita, nikawaambia watu Kaa Kitako hamna kitu, mwaka huu hamna kitu, wakaniamini. Unakula nini? Huli. Unapuliza tu. Unayapulizia mayai maji ili yapate pumzi, na maji yenyewe ndiyo hayo. Yamevimba mayai yako, yana macho. Nayaona macho. Yanatazama nje na hayatoki. Kwa nini hayatoki? Kwa sababu mwezi haujatajwa. Nani hajautaja? Usinibane kidole. Nakuuliza wewe, unaniuliza mimi? Mize naye ana macho ndani. Mimi nilikuwa na macho ndani ya mama yangu. Sote tumekaa kitako, mmoja ndani ya mwingine, tunamsubiri mtu mmoja aliye nje aseme neno, na aliye nje ni mguu, na mguu una mwenyewe, na mwenyewe anaogopa. Ndiyo. Naogopa. Niachie. Leo nikisema Tayari, desturi inataka tundu la Mguu lichokolewe la kwanza, mbele ya watu. Wana njaa, leo hawataniamini nikisema hamna kitu. Nitakutoa kwa mkono wangu. Niachie basi, wanaita.

Walikuwa wanaita kweli. Pwani yote ilijaa wanawake, fimbo mabegani, vikapu vichwani, na mbele yao amesimama Vuai. Huyu Vuai alizaliwa hapo hapo. Mama yake ndiye mwenye tundu la Kwa Mkwe. Sasa alikuwa Msemaji wa Jiko, kazi ambayo ilimnyoosha mgongo na kumpunguzia maneno. Mkono mmoja alishika kipimajoto, mwingine daftari.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Una kipimajoto mkononi, mguu wangu unautakia nini?"

Vuai alitabasamu. "Kipimajoto kinajua, Bi Kazija, lakini hakiaminiki. Wewe unaaminika. Ukisema Tayari, mimi naandika: mwamba umefunguliwa, bahari nzima, wavuvi wanavua. Wakubwa wanataka neno hilo tu. Wiki ijayo wanaongeza Jiko la pili."

"La pili?"

"Upande wa pili wa mwamba. Ili tusiwe na kasoro."

Wanawake walimsukuma Kazija kwa macho. Walikuwa na njaa, na njaa haina subira na mtu anayefikiri. Bi Shinuna, mkunga, alimshika Mize kiwiko. Walikuwa wamemleta kwa sababu siku ya Kufungua hakuna anayebaki ndani. Mama yake Vuai alipiga kelele kutoka nyuma, "Tia mguu, Kazija! Maji hayatungoji sisi!"

Akatia mguu.

Joto. Bila shaka joto. Lilimpanda polepole, laini, la kubembeleza, na kwa kitambo kidogo Kazija hakujua yuko wapi. Alikuwa mtoto mchanga ananing'inizwa kwa kisigino. Alikuwa mama yake anayemning'iniza. Alikuwa Kufungua kwa kwanza, na kwa pili, na kwa tatu, na kila mara wanawake walewale wamesimama palepale na neno lilelile lipo ulimini, hata hakuweza kusema kama siku ile ilikuwa siku au kumbukumbu ya siku. Hivyo ndivyo maji yasiyopoa yanavyomfanya mtu. Hayamwumizi. Yanamwondolea jana na kesho, yanamwachia leo moja ndefu isiyo na mlango, na ndani ya leo hiyo mtu hukubali chochote anachoulizwa, kwa kuwa haoni kuwa kuna wakati mwingine ambapo angeweza kukataa. Neno Tayari lilikuwa limeshamfika menoni.

Akafumbua macho, akamwona Mize. Mize hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama mguu.

"Tayari?" Vuai aliuliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Ngoja," Kazija alisema. "Nina jambo la kusema kwanza, na nitalisema mara moja tu, kwa hiyo nyamazeni."

Vuai akashusha kalamu.

"Joto la msimu huanzia kisiginoni. Mnalijua hilo? Hamlijui, nalijua mimi. Maji ya upande wa nchi kavu ni haba, jua linayapata kwanza, kwa hiyo kisigino ndicho kinachopata habari, halafu siku saba baadaye vidole. Tangu Mguu wa kwanza ndivyo lilivyokuja. Siku ile ya Kufungua kwa kwanza, Jiko lilipokuwa jipya, nilisimama hapa, vidole vikapata joto na kisigino kikabaki baridi. Lilikuja limegeuka. Lilitoka kule." Akanyoosha mkono kwenye mraba mweupe. "Nililisikia. Sikukosea. Mguu wangu haukukosea hata kidogo. Ulinambia kweli, mimi nikanyamaza."

"Ulinyamaza?" Mama yake Vuai alipasua katikati ya watu. "Kwa nini ulinyamaza?"

Hapo ndipo penye shida. Kazija angeweza kusema kwamba aliwaonea huruma kwa njaa yao, na wangemsamehe kabla ya adhuhuri. Lilikuwa jibu zuri, lipo tayari, safi kama maji ya Jiko.

"Kwa sababu walikuja nyumbani kwangu kuniuliza," alisema. "Watu wa Jiko, wa mbali, wamevaa viatu, wamekaa mkekani kwangu wakaniuliza mimi. Nilipenda kuulizwa. Nikaona nikisema joto limekuja kinyume watasema Mguu kazeeka, wataacha kuja. Basi. Hakuna zaidi. Wale mliowatoa wamekumbatia mayai, mkasema wametuletea wali, walikuwa akina mama wa mwaka huu na watoto wa mwaka ujao. Niliwaua mimi kwa ulimi, nyinyi mlishika fimbo tu."

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Mwanamke mmoja alitua kikapu chini, akakigeuza kifudifudi, akakikalia.

Desturi ilikuwa moja. Mguu uliodanganya hufungwa, haugusi bahari tena mpaka siku ya kuoshwa kwa mara ya mwisho. Kazija alitoka majini, akavua kanga ya begani, akaufunga mguu wake mwenyewe, mzunguko juu ya mzunguko, kwa sababu hakutaka kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Alipofunga fundo alijua kuwa hatapiga hodi Kaa Kitako tena. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Sasa nani atataja mwezi?" Vuai aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza unyoofu. "Bi Kazija, lazima mtu ataje mwezi. Siwezi kuandika hewa."

Aliyejibu ni Mize, na hakujibu kwa neno. Alitoa mguno mmoja mnene, akapiga magoti, maji yakamwagika kati ya miguu yake, yakaloanisha mchanga.

"Mwezi haujatajwa!" mtu alilia. "Hawezi kuzaa!"

"Mwambie yeye," Bi Shinuna alisema, tayari ameshakunja mikono ya gauni. "Kanga! Nipeni kanga hapa, nyie, acheni kukodoa macho!"

Zikasimama fimbo za kuchokolea pweza, zikachomekwa mchangani duara, zikatundikwa kanga, na ndani ya duara hilo, jua la saa sita likipenya kwenye maua ya nguo, Mize alizaa haraka kama mtu anayetapika siri. Kazija alimshika kichwa. Alishangaa. Maisha yake yote alidhani wakati unakaa kifundoni mwake, na wengine wanaazima. Kumbe tumbo lilikuwa na saa yake, ila lilimsubiri yeye aache kuziba mlango.

Mtoto alikuwa wa kike, mzito, ana nywele, ana kucha ndefu. Macho alikuwa nayo wazi. Alitazama huku na huku kwa utulivu, wala hakutoa sauti, na Bi Shinuna alipomsikiliza kifua alikuta kinapanda na kushuka vizuri. Hilo halikumtisha mtu. Kilio cha kule kinatoka baharini.

"Mchovye, bibi yake," Bi Shinuna alisema.

Kazija alisimama juu ya jiwe kavu, mguu wake umefungwa, akainama, akamshusha mjukuu wake mpaka kisigino kikazama. Wanawake wote walivuta pumzi. Vuai naye alisogea, kalamu mkononi.

Mtoto hakulia.

Alipiga mwayo. Kisigino kilizama chote, kifundo kikafuata, na uso wake ukalegea, ukapata ile sura ya mtu aliyerudishwa kitandani. Akafumba macho. Kazija alielewa kabla ya wengine, na uelewa huo ulimshika mgongo wote kwa ubaridi ambao bahari ilikuwa imeukosa. Maji yalikuwa na joto la tumbo la Mize. Mtoto hakujua kuwa ametoka.

"Kalia?" Mize aliuliza kutoka nyuma ya kanga.

Wanawake walimtazama Kazija.

"Mama? Mwanangu kalia?"

Bi Shinuna alimkaribia Kazija, akanong'ona karibu na sikio. "Mfinye. Kidogo tu, chini ya unyayo. Nitasimama hapa, hakuna atakayeona."

Unyayo ulikuwa ndani ya kiganja chake, mdogo, laini, una mikunjo ya kuloana. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeshaugusa. Kufinya kumoja, kilio kimoja, na mtoto ana jina, Mize ana mtoto, mji una mwezi, mwamba uko wazi, wanawake wana pweza mmoja wa mwisho kule Kaa Kitako pamoja na macho yake yote, na Vuai ana neno la kuwapelekea wenye viatu. Kila mtu angepata alichokuja kukitafuta. Isitoshe, kilio kingekuwa cha kweli. Mtoto akifinywa analia kweli. Na ikiwa atakufa kesho, atakuwa na jina la kuzikwa nalo.

"Mama, nijibu!"

Kazija aliuondoa ukucha.

"Hajalia, mwanangu," alisema kwa sauti, ili wa nyuma wasikie. "Mzima, mzuri, anapumua. Lakini hajalia. Yupo kwako bado, ila nje."

Mize akasema kutoka nyuma ya kanga, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, "Niletee basi, nimpakate."

Vuai aligeuza karatasi. "Niandike nini, Bi Kazija?"

"Andika hivyo. Mtoto kachovywa, hajalia."

"Wakubwa watasema ni habari njema. Watasema ameyapenda maji."

"Waandike wao. Wewe andika nilivyokuambia, mama yako anakutazama."

Alimtazama mama yake, na ni kweli alikuwa anatazamwa. Akaandika.

"Na kesho?"

"Kesho tutamchovya tena."

"Na asipolia?"

"Keshokutwa."

"Na asipolia kabisa? Mwaka mzima?"

"Basi nenda kazime jiko lako, Vuai, halafu uje umsikilize."

Mama yake Vuai ndiye aliyeanza. Alikwenda kwenye duara, akazing'oa fimbo moja moja kuanzia yake, akazilaza mchangani, ncha zimeelekea nchi kavu, kama ilivyofanywa siku za Kufunga enzi ambazo siku hizo zilikuwepo. Hakusema Bado, kwa kuwa hakuwa Mguu. Wengine walitua vikapu. Njaa yao haikuondoka, ilikaa nao pale pale. Kule nje mraba mweupe uliendelea kutema maji yake safi, na kwenye mwamba, ndani ya tundu moja, kuna aliyekuwa anapuliza. Mtoto alilala kifuani mwa Mize, kisigino kimeloa, kina joto. Kwa hiyo mwamba ulifungwa siku ile kwa neno lisilosemwa la mtu ambaye, kwa desturi ya mji wake, alikuwa bado hajazaliwa.